Cheni nzima, reli zilizochoka: kisa cha ukaguzi wa 450 SL kabla ya kununuliwa

## Usuli

Kisa hiki kinahusu Mercedes-Benz 450 SL ya nusu ya pili ya miaka ya 1970, gari la milango miwili lenye paa la kukunja, ambalo mmiliki wake wa pili aliamua kuliuza baada ya kukaa nalo muda mrefu. Majina, namba za gari, mahali na chochote kinachoweza kumtambulisha mtu vimeondolewa. Mnunuzi aliniomba nisimamie ukaguzi wa injini. Aliyeshika spana alikuwa mtu mwingine, tena hakuwa wa upande wetu, na sababu yake itaonekana mbele.

Injini ya gari hilo ni ya familia ya M117: silinda 8 kwa mpangilio wa V, ujazo wa lita 4.5. Kila upande una kamshafti moja (mhimili unaofungua valvu) juu ya hedi, yaani kichwa cha injini, na zote mbili huzungushwa na cheni moja ndefu, cheni ya taimingi, inayotoka kwenye krenki (mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni), inapanda kamshafti ya kushoto, inavuka hadi ya kulia, kisha inashuka. Cheni ya urefu huo haiwezi kuachwa ielee yenyewe. Inaelekezwa na reli za plastiki zilizofungwa ndani ya hedi na ndani ya nyumba ya cheni, na upande ambao cheni hulegea kuna tenshona, yaani kikaza cheni, inayosukumwa na presha ya oili. Cheni ikikatika au ikiruka meno ya kutosha, valvu hukutana na pistoni, na hapo kazi inakuwa ya kufungua injini nzima.

Mnunuzi alikuwa amesoma kidogo kabla ya kuja, na kilichomtisha ni habari za cheni ya safu moja. Habari hizo ni za kweli, ila ni za gari jingine. Mwili huu wa SL, unaojulikana kama R107, ulitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1989 na ulipewa injini kadhaa. Zilizopata sifa mbaya ni 380 SL zilizouzwa Marekani kati ya 1981 na 1983, zilizofungwa cheni ya safu moja. Kuanzia 1984 zikapewa ya safu mbili. Mzee aliyekuwa akiuza alimjibu bila kusita: "Hiyo ni 380, mwanangu. Yangu ni ya safu mbili. Cheni hiyo haiishi."

Nusu ya kwanza ya jibu lake ilikuwa sahihi kabisa.

## Madai na karatasi

Muuzaji alikuwa mtu wa kutunza karatasi. Alikuwa na faili lenye risiti tangu siku aliyolinunua gari, na miongoni mwake ilikuwamo moja aliyoithamini kuliko zote: risiti ya kubadilisha cheni ya taimingi. Aliitoa mapema, kabla hata hatujafungua boneti, na mnunuzi alionekana kupumua.

Niliomba kuisoma mstari kwa mstari. Ilikuwa na cheni moja, kiungo kimoja cha kufungia, gasketi mbili za kava za valvu, oili, filta, na saa za kazi. Basi. Hapakuwa na reli hata moja. Hapakuwa na tenshona. Na saa za kazi zilikuwa chache mno kwa mtu aliyefungua mbele ya injini.

Wanaofanya kazi hii wataelewa mara moja kilichotokea. Cheni ya injini hii inaweza kubadilishwa bila kufungua kitu zaidi ya kava za valvu: unaikata cheni ya zamani juu kwenye gia ya kamshafti, unaunganisha mpya kwenye ncha yake, kisha unazungusha krenki taratibu huku mtu wa pili akiivuta ya zamani itoke na kuhakikisha mpya haikosi jino. Mwisho unafunga kwa kiungo maalumu. Ni kazi halali, na ikifanywa kwa makini haina dosari. Lakini anayeifanya hivyo bila kugusa reli anaacha plastiki ile ile iliyowekwa kiwandani iendelee kuishikilia cheni mpya.

Kwa hiyo, kabla ya kugusa gari, tayari tulikuwa na dhana ya kupima: kwamba cheni ni changa kuliko kila kinachoigusa. Risiti nyingine zilionyesha pia kwamba tangu kazi ile gari halikutembea sana. Kwa muuzaji hilo lilikuwa sifa. Kwa reli halikuwa sifa wala kosa, maana plastiki iliyooga oili ya moto huzeeka kwa miaka pia, si kwa kilomita peke yake. Gari likae au litembee, inakauka, inabadilika rangi, inakuwa ya kuvunjika.

## Siku ya kwanza

Tulipofika, injini ilikuwa ya moto. Muuzaji alikuwa ameliwasha na kulizungusha kidogo ili tulikute likiwa tayari. Sidhani kama alikuwa na nia ya kuficha kitu; wengi huona ni heshima kwa mgeni. Ila injini iliyopata moto imekwisha kujaza tenshona oili, na sauti tunayoitafuta inadumu kwa muda mfupi sana tu, pale injini iliyolala inapoamka.

Mnunuzi alikuwa amekuja na rafiki yake anayezijua injini za zamani za Marekani. Huyu alitoa kofia ya distribyuta, akaweka spana kwenye bolti ya krenki, akaanza kuizungusha mbele na nyuma akitazama rota (sehemu inayozunguka ndani ya distribyuta) itachelewa kwa digrii ngapi kabla ya kufuata. Kwa V8 za Marekani za miaka ya 1960 na 1970, zenye kamshafti chini ndani ya bloku na cheni fupi isiyo na tenshona, hicho ni kipimo kizuri sana. Unasoma ulegevu wa cheni moja kwa moja kwenye alama za puli, bila kufungua chochote.

Hapa kilikuwa na kasoro mbili. Ya kwanza ni kwamba kipimo kinadanganya. Ukiirudisha krenki nyuma, upande uliokuwa umelegea ndio unaobeba mzigo, na mzigo huo unaiangukia tenshona. Digrii unazosoma zinakuambia tenshona imerudi kiasi gani pamoja na uchakavu wa cheni, na huwezi kuzitenganisha. Ya pili ndiyo iliyonifanya nimwombe aache: tenshona ya oili ikiwa imechoka, kuirudisha nyuma krenki kunaweza kuilegeza cheni hadi ikaruka jino. Injini hii huzungushwa upande mmoja tu, ule inaozunguka yenyewe.

Aliacha bila ubishi, lakini akapendekeza kompresheni, yaani mbano wa hewa ndani ya silinda, ipimwe. Ikapimwa. Silinda zote nane zilikaribiana, na kila mtu akafurahi, ingawa furaha hiyo haikuwa na msingi mkubwa. Cheni iliyoruka meno hushusha kompresheni kwa sababu valvu za kuingiza hewa huchelewa kufunga. Cheni ambayo haijaruka bado, lakini itaruka kesho, haishushi chochote. Tulichojifunza ni kwamba injini ina nguvu leo.

Tukakubaliana turudi kesho yake, na gari lisiwashwe hata mara moja kabla hatujafika.

## Asubuhi ya pili

Kabla ya kuwasha tulipangana. Mnunuzi alikaa kwenye usukani na kazi yake ilikuwa kutazama geji ya presha ya oili. Mimi nilisimama mbele ya injini, upande wa kulia. Rafiki yake alisimama kushoto.

Injini ilishika mara moja. Mbele kukasikika mkwaruzo wa chuma na kitu kikavu, mfupi, kisha kimya. Mnunuzi alisema sauti ilikatika wakati mshale wa geji ulipopanda. Hiyo ndiyo habari yenye thamani, si kelele peke yake. Kelele inayokufa presha inapofika inaelekeza kidole kwenye tenshona: usiku oili imetoka ndani yake, na mpaka ijae tena cheni inapiga reli.

Baada ya hapo palibaki sauti nyingine, ya kugonga kidogo upande wa kushoto, kwa mwendo wa nusu ya krenki, iliyofifia injini ilipopata moto. Rafiki wa mnunuzi alitaka kuihesabia cheni pia. Nilikataa. Injini za 450 za miaka hii ya baadaye hazina valvu za kurekebisha kwa mkono. Kuna vifaa vidogo vya oili chini ya rokeri (mikono midogo inayosukuma valvu) vinavyomeza nafasi vyenyewe, na vikizeeka au vikipata oili kidogo hugonga hivyo hivyo. Sauti mbili, vyanzo viwili. Kuzichanganya kungetupeleka kwenye bei isiyo na maana kwa upande wowote.

## Kufungua au kutofungua

Sauti ile ilitosha kuomba kava za valvu zifunguliwe. Haikutosha kumlazimisha mtu.

Muuzaji hakupenda. Hoja zake hazikuwa za kupuuza: gari bado lake, mnunuzi hajalipa chochote, kuna gasketi za zamani ambazo zikitolewa hazirudi, na fundi asiyemjua akivunja kitu nani atabeba? Alimulika tochi kwenye tundu la kujazia oili, akatuonyesha chuma kisafi kisicho na masizi. Ni kweli kilikuwa kisafi, na hiyo ni dalili njema ya oili kubadilishwa. Ila kupitia tundu lile reli hazionekani.

Tulichoamua kilikuwa rahisi, na naona ndicho kilichookoa mazungumzo yote. Kazi ifanywe na fundi wa muuzaji mwenyewe, mbele yetu sote. Mnunuzi alipe gasketi mpya, oili na filta, na muda wa fundi, anunue gari asinunue. Kitakachoonekana kipigwe picha na kila upande upate nakala.

"Ukikuta kibaya?" mzee akauliza.

"Utakuwa umekijua wewe kwanza, mzee wangu, kabla ya mtu mwingine yeyote," mnunuzi akamjibu.

Alikubali.

## Tulichokiona

Fundi alianza na filta. Alitoa karatasi yake kwenye kopo, akaikata, akaitandaza mikunjo yake juu ya kitambaa cheupe. Hapakuwa na chenga za chuma zinazong'aa. Palikuwa na vipande vidogo vya rangi ya kahawia, vigumu, vyenye kingo kali, vilivyovunjika vilipobanwa na koleo. Si masizi ya oili, maana masizi hupakaa. Ilikuwa plastiki.

Kava ya kulia ilipotoka, reli yake ilionekana ya rangi ya kahawia iliyokolea, ikiwa na mfereji uliochimbwa na cheni. Reli mpya huwa na rangi nyepesi. Ilikuwa nzima hata hivyo. Kushoto hali ilikuwa tofauti: ufa ulionekana chini ya mwanga wa tochi, ukikimbia kutoka kwenye tundu la pini, na reli ya ndani ilikuwa imepoteza ncha yake ya juu. Mnunuzi alinyoosha mkono na bisibisi akitaka kuigusa aone kama inacheza. Fundi alimshika mkono. Alikuwa sahihi: kipande kikianguka kwenye nyumba ya cheni kwa sababu ya bisibisi yetu, gari lisingeweza tena kuwashwa kwa usalama, na tungekuwa tumemharibia mtu injini kwa udadisi.

Kisha tukapima cheni. Nitaeleza kidogo, kwa sababu hapa ndipo wengi hukosea.

Plagi zote zilitolewa ili krenki izunguke kwa wepesi. Soketi ya milimita 27 kwenye bolti ya krenki, na mwendo wa mshale wa saa ukitazama kutoka mbele. Lengo ni kuifikisha alama ya kamshafti iliingiliane sawasawa na alama ya kwenye beringi ya mbele, kisha kusoma digrii za puli ya krenki. Cheni mpya kabisa ingesoma karibu na sifuri. Iliyochakaa huifanya kamshafti ichelewe, hivyo alama za juu zinakutana wakati krenki imekwisha kupita sifuri. Ukipitiliza alama usirudi nyuma hata kwa nusu digrii. Zungusha raundi mbili kamili za krenki uikute tena, kwa kuwa kamshafti huzunguka mara moja kila krenki inapozunguka mara mbili. Fundi alipitiliza mara ya kwanza, akazunguka tena bila kulalamika. Hapo nikamwamini.

Kushoto tulisoma digrii 2. Kulia digrii 3. Tulirudia na kupata vilevile. Tofauti hiyo ndiyo inayotarajiwa: kamshafti ya kushoto inavutwa na kipande cha kwanza cha cheni tu, ya kulia inabeba uchakavu wa kipande hicho pamoja na kile kinachovuka kutoka kushoto. Kulia kungesoma pungufu ya kushoto, ningeshuku kosa la kufunga au jino lililoruka.

Digrii hizo zina maana gani kwa chuma? Cheni haivutiki kama inavyosemwa. Pini na bushi zake hulika, na kila kiungo kinaongeza unywele mmoja. Hatua ya cheni za aina hii ni milimita 9.525. Chukua mfano wa gia ya krenki yenye meno 18: mzunguko mmoja ni kama milimita 171, kwa hiyo digrii moja ni karibu nusu milimita, na jino zima ni digrii 20. Digrii 2 au 3 ni milimita moja hadi moja na nusu iliyogawanywa kwenye viungo vingi. Ni cheni nzuri. Hata ingefika digrii chache zaidi, kuna vipande vidogo vya kufungia gia kwenye kamshafti vilivyotengenezwa kwa makusudi vikiwa vimepindishwa kidogo, ili kuirudisha kamshafti mahali pake.

Muuzaji aliona namba hizo akatabasamu. "Si niliwaambia?"

Mwisho tulishusha kamera ndogo ya waya ndani ya nyumba ya cheni. Reli ya tenshona ilikuwa na mifereji miwili mirefu iliyokatwa na safu mbili za cheni, na karibu na chini plastiki ilikuwa imeisha kiasi cha chuma cha nyuma kuanza kuonekana. Ncha iliyopotea ya reli ya kushoto hatukuiona popote.

## Uamuzi

Mbele yetu palikuwa na mambo mawili yasiyopatana machoni pa mtu asiye fundi: kipimo kizuri na hali mbaya. Mnunuzi aliniuliza kipi kishike. Nilimwambia kipimo kinaeleza cheni, na cheni si tatizo. Reli iliyovunjika ndiyo inayoua injini hizi: kipande kinanaswa kati ya cheni na gia, cheni inapanda juu ya meno, na baada ya hapo iwe ya safu moja au mbili haina tofauti.

Njia zilikuwa tatu. Kuondoka. Kupunguza bei, kulipa, na kuliendesha gari hadi gereji. Au kununua kwa sharti kwamba injini isiwashwe tena mpaka plastiki yote ibadilishwe.

Ya pili ndiyo iliyomvutia muuzaji, na hoja yake ilikuwa na uzito wa kibinadamu: gari limekwenda hivi hivi miaka yote, litashindwaje safari moja fupi? Jibu la fundi wake mwenyewe lilifunga mjadala. Alisema kabla ya kufungua hakuna aliyejua. Sasa tunajua kuna kipande kinachozurura na kingine kinachoning'inia, na kuwasha ni kucheza kamari na injini ya mtu. Akafunga kava, akaweka oili mpya, na akachomoa waya wa koili.

Wakakubaliana njia ya tatu. Gari liliondoka juu ya lori. Gharama ya reli na tenshona iligawanywa kati yao kwa kupunguza bei. Gharama ya cheni mpya ilibaki kwa mnunuzi, kwa sababu ya zamani ilikuwa imepimwa na kuonekana nzima. Mgawanyo huo naona ulikuwa wa haki. Kipimo kile kile ambacho muuzaji alikitabasamia kilimlinda asilipie asichodaiwa.

## Matokeo

Reli za juu hutoka baada ya kuvuta pini zake kwa nyundo ya kuvutia yenye uzi wa M6. Reli ya kushoto iliyokuwa na ufa haikusubiri kuvutwa: ilivunjika vipande vitatu mkononi mwa fundi pini ilipoanza kutoka. Beseni la oili lilipofunguliwa, ncha iliyopotea ilipatikana chini, karibu na kichujio cha pampu, pamoja na vipande vingine vilivyotosha kujaza kiganja. Inaonekana reli ilikuwa ikijimega kidogo kidogo kwa muda.

Zilibadilishwa reli zote, za juu na za chini, tenshona na reli yake, pamoja na cheni. Kubadilisha cheni ya digrii 3 kulizua mjadala. Mimi nisingeilaumu ingeachwa. Mnunuzi aliamua ibadilishwe kwa sababu kazi kubwa ilikwisha kulipiwa, na cheni kuukuu juu ya reli mpya ni kitu ambacho yeyote atakayelinunua gari hili kesho ataulizia. Kwenye mabomba ya oili yanayomwagia kamshafti, fundi alikuta viungo vya plastiki vilivyolegea upande wa kushoto, akaviweka vipya.

Asubuhi ya kwanza baada ya kazi, mkwaruzo wa mbele haukusikika. Ile sauti ya kugonga ya kushoto ilipungua lakini haikuisha.

## Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi, kwa maoni yangu, ni risiti. Watu huiangalia kuona kama kazi ilifanyika. Ukiisoma kuona kipi hakikununuliwa, inakuambia mengi zaidi. Tungekuwa na risiti peke yake, bila sauti ya asubuhi na bila kamera, bado ningeomba kava zifunguliwe.

Kuwasha kwa baridi kulikuwa na faida kwa sababu ya mtu aliyetazama geji. Sauti bila geji ingebaki maoni ya watu watatu wenye masikio tofauti. Hata hivyo nisingependa mtu aichukue kama kipimo cha mwisho. Ingewezekana tenshona ikawa mpya na reli zikawa mbovu, na gari lingeamka kimya kabisa. Ukimya wa injini hii hauthibitishi kitu.

Kumtumia fundi wa muuzaji kulionekana kama udhaifu wa upande wetu. Kiutendaji kuliondoa shaka yote. Maneno yaliyomshawishi mzee asiwashe gari yasingefika popote yangetoka kinywani mwangu. Sharti lake ni moja: usimame karibu uone kila kitu kwa macho yako.

Yaliyoshindwa ni kipimo cha rota na kompresheni. Cha rota hakikuwa cha kijinga. Kilikuwa cha injini nyingine. Magari ya kale yanatofautiana mno kwenye jambo hili na mtu akihamisha ujuzi wa moja kwenda lingine bila kufikiri anaweza kuharibu. V8 nyingi za Marekani za enzi hiyo zilikuwa na gia ya kamshafti ya alumini iliyofunikwa nailoni, na ni meno hayo ya nailoni yanayobomoka na kwenda kuziba kichujio cha pampu. Jaguar za silinda 6 za XK zina cheni mbili, ya juu ikirekebishwa kwa mkono. Kwenye Alfa Romeo za kamshafti mbili pia cheni ya juu hukazwa na fundi. Porsche 911 ilibadili tenshona zake kwenye Carrera ya 1984, zikaanza kulishwa oili ya injini, na kwa zile za kabla yake swali la kwanza la mnunuzi ni kama zimebadilishwa. Swali la kuuliza kabla ya kushika spana ni hili: kwenye injini hii, kati ya cheni, gia, reli na tenshona, kipi huchoka kwanza?

Kamera tuliitumia mwisho, na hapo mpangilio wetu ulikuwa na kasoro. Ingeshushwa mara tu kava ya kwanza ilipotoka, tungeona reli ya tenshona kabla ya kuzungusha krenki hata raundi moja. Tulizungusha raundi kadhaa tukiwa na kipande kilichopotea ndani. Kwa mkono na bila plagi hatari ni ndogo, na fundi angehisi kitu kikinasa, lakini hapakuwa na sababu ya kuibeba hatari hiyo.

Kuhusu muuzaji, sioni kwamba alificha. Alilipia cheni, akapewa cheni, na akaamini kazi ya taimingi imekwisha. Gereji iliyofanya kazi ile zamani pengine ilimwambia kuhusu reli na pengine haikumwambia, risiti haisemi. Kinachoudhi ni kwamba kava zilikuwa wazi siku hiyo, reli za juu zikiwa mbele ya macho ya fundi.

## Hali ilivyo sasa

Mmiliki mpya ameandika kwenye daftari la gari digrii alizosoma baada ya cheni mpya, kwa kila kamshafti, pamoja na tarehe ya reli na ya tenshona kila moja kwa mstari wake. Sauti ya kushoto bado inafuatiliwa: kwenye kamshafti ya upande huo kuna nundu moja, ile inayosukuma valvu, iliyoanza kulika, pengine kwa sababu ya kiungo cha bomba la oili kilichokuwa kimelegea. Fundi ameipima urefu, ameiacha mahali pake, na itapimwa tena kava zitakapofunguliwa kwa ajili ya gasketi.